Mwaka Tuliokataa Kumwosha Zenabu

Mwezi uliopita tulimzika mtoto wa jirani yangu hapa Oli, msichana wa miaka kumi na tisa, hana mume, na mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa tano. Jina lake sitalitaja. Alifia hospitalini, wakamleta asubuhi kwa gari, na kabla sijamaliza kufunga kitambaa cha kichwa wanawake walikuwa wamejaa uani mpaka nikawafukuza wengine nipate mahali pa kuweka ndoo. Mimi ndiye mwoshaji wa maiti za wanawake mtaa huu, nimeifanya kazi hii miaka mingi kuliko umri wa wengi waliokuja siku hiyo. Nilisimama nikawaangalia. Nilikuwa nangoja mmoja wao aulize lile swali. Hakuna aliyeuliza. Imamu wetu wa sasa, kijana ambaye mama yake ningeweza kumzaa mimi, alipita mlangoni akasema tu, "Haboba, maji iko ya kutosha ama tuongeze?" Haboba ndiyo nyanya kwa sisi Wanubi. Nikamwambia aongeze. Nikaosha. Lakini nilipofika kwenye nywele nilikosea misuko, kitu ambacho hakijanipata tangu nianze kazi, na binti yangu akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa namwona Zenabu.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Wazazi wangu walikuwa nani na nilifikaje kwa shangazi yangu ni habari ndefu isiyo na faida hapa. Nilikaa kwake, hapa hapa Oli karibu na mpaka wa Zaire, katika nyumba ya vyumba viwili yenye uzio wa matete. Shangazi Mastula alikuwa mwoshaji wa mtaa, na mwaka huo alianza kunifundisha. Chumba chake nakikumbuka kuliko ninavyokumbuka sura yake: kitanda cha chuma kilichotandikwa shuka jeupe alilolidarizi mwenyewe, ukutani vifuniko vya chakula alivyosuka kwa rangi nyekundu na kijani, na chini ya kitanda sanduku la mbao ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa. Ndani yake mlikuwa na pamba, vipande vya sanda, kafuri ndani ya kopo la maziwa ya unga, na miche ya sabuni aliyoifunga kwenye kitambaa kama mtu anavyofunga dhahabu. Wahindi walikuwa wamefukuzwa, maduka ya mjini yalibaki na rafu tupu, na sabuni ilipatikana tu kwa mtu mwenye ndugu jeshini. Sisi nguo zetu tulifulia majivu. Siku moja nilimwomba kipande kidogo nioge siku ya Idi. Akasema, "Wewe utaoga kesho, na kesho kutwa pia. Mwenye sabuni hii anaoga mara moja tu." Kunifundisha alitumia mkeka uliokunjwa. Aliulaza chini, nami niuoshe kama mtu, kulia kabla ya kushoto, na nikienda mbio ananipiga vidole kwa kijiko. "Unakimbilia wapi? Maiti ndiye mgeni pekee asiyekuuliza chakula kitaiva saa ngapi." Alikuwa mkali, lakini alichekesha, na nilimpenda. Naliandika hilo kwa sababu mengine nitakayoandika hayatampendeza mtu.

Zenabu alikaa ng'ambo ya uzio na mama yake. Tulikuwa rika moja. Yeye alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kusikika mpaka mtoni, na mimi nilivyokuwa sikosi sala alinibatiza jina. "Wewe, mke wa imamu!" ananiita juu ya uzio. "Kuja hapa, nikuonyeshe kitu kabla mume wako hajarudi msikitini." Kitu chenyewe ni utepe wa nywele, au biskuti mbili. Vitu hivyo vilitoka kwa mwanamume mmoja dereva wa lori la jeshi, Mwislamu mwenzetu, mwenye mke na watoto, mtu wa safu ya kwanza siku ya Ijumaa. Kila mtu alijua lori lake linasimama wapi. Alileta sukari kwa mama Zenabu, alileta chumvi, alileta sabuni. Na nyumba nyingine alizipelekea pia, kwa sababu mtu wa namna hiyo hupenda kusalimiwa vizuri na mtaa mzima. Sabuni iliyokuwa kwenye sanduku la shangazi yangu ilitoka kwake. Niliipokea mimi mwenyewe mlangoni, nikasema asante, akasema, "Mwambie shangazi hii ni sadaka ya maiti, aniombee."

Mimba ilipoanza kuonekana walimpeleka Zenabu Koboko kwa mjomba wake. Hazikupita wiki tatu akarudishwa. Mjomba alituma maneno kwamba nyumba yake iko na mabinti. Sikumwona tena juu ya uzio. Nilimsikia tu akikohoa, na mara nyingine mama yake akimwambia ale. Upande wetu wanawake walikutana kila alasiri kwa shangazi, wanne au watano, wale waliomsaidia kuosha. Walikaa kwenye mikeka, wakala gurusa, chapati yetu nyembamba, iliyokunjwa mara nne na kunywa chai ya tangawizi bila sukari, na mimi niliyekuwa naipika na kuimimina nikasikia yote. "Mama yake alikuwa haoni lori?" "Aliona sukari." Wakacheka. Mmoja akauliza, "Na yule bwana?" Shangazi akasema, "Mwanamume ni mwanamume. Lori likipita barabarani utalishtaki?" Wakacheka tena, na mimi nilicheka, nikiwa na birika mkononi. Kisha mmoja wao, mdogo kidogo kuliko wengine, akauliza lile swali. "Sasa, Mastula, huyu akifa na tumbo hili, ataoshwa na nani?" Shangazi hakufikiri hata kidogo. "Mikono yangu haigusi tumbo la haramu. Dini imekataza." Wote wakasema ndiyo, dini imekataza. Mzee aliyetuongoza msikitini wakati ule alisema vivyo hivyo baadaye, kwamba mwanamke aliyekufa katika zinaa watu wake wamfukie wenyewe.

Sasa nasema jambo lililonichukua miaka zaidi ya arobaini kulijua. Dini haikukataza. Nilimuuliza imamu huyu kijana, aliyesoma Kampala na nchi za mbali, akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. Akasema Mwislamu ni Mwislamu, awe amekufa na dhambi gani, anaoshwa na kusaliwa, na mji ukimwacha bila kuoshwa dhambi ni ya mji wote. Alifungua kitabu, akaweka kidole chini ya mstari. Mimi herufi za Kiarabu nazijua kidogo tu, lakini nilikitazama kile kidole. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona hukuzaliwa mapema?" Akacheka, akidhani nafanya mzaha. Sisi hatukuwa na mtu wa kutufungulia kitabu. Tulikuwa na yale tuliyosikia kwa mama zetu, nao kwa mama zao waliotembea nyuma ya askari kutoka Sudan, na lililokuwa hasira ya watu tuliliita dini. Siwaongezei vijana sifa. Wana mambo yao mengi ambayo siyapendi, na haya zimepungua, hilo nalisema mbele ya yeyote. Lakini maiti hawamkatai.

Zenabu alikufa mwezi wa saba wa mwaka huo, mvua zikiwa zimekatika kidogo. Walisema alikunywa dawa ya mizizi iliyotoka Midia, wengine wakasema alianguka mtoni. Mimi nilichosikia ni kwamba alivuja damu siku mbili, na asubuhi ya tatu mama yake alipiga kelele mara moja tu. Jua lilikuwa halijapanda vizuri alipoingia uani kwetu, kichwa wazi, miguu ina matope. Shangazi alikuwa anachekecha unga. Hakusimama.

"Mastula, mtoto amekufa."

"Mungu amrehemu."

"Nimekuja kukuita."

"Nimekusikia."

"Ulikula karamu ya jina lake. Kwenye mkeka wangu ulikula."

"Nilikula. Na alipoanza kupanda lori nilikuambia, ama sikukuambia?"

"Uliniambia."

"Basi."

Mama Zenabu akanigeukia mimi. Alijua kwamba nilikuwa nafundishwa, mtaa wote ulijua. Nikaangalia chini. Shangazi akaendelea kuchekecha, na unga ukaanguka kwenye sinia kwa sauti ile ile. Yule mama akasimama kidogo tena, kisha akaondoka. Shangazi akaniambia, "Chukua simsim ukapepete. Ukae mahali nakuona." Akaingia ndani.

Mahali pa kupepetea palikuwa kando ya uzio, penye kivuli. Nilikaa nimeupa uzio mgongo, ungo magotini. Ng'ambo, kama hatua nne, walikuwa wamemlaza Zenabu juu ya mlango walioung'oa, maana kitanda cha kuoshea kilikuwa cha msikiti na hawakupewa. Mama yake hakuwa peke yake. Alikuwepo Keji, mkimbizi kutoka Sudan, Mkristo, aliyekuwa akiuza mboga za majani. Vita vya kwao vilikuwa vimekwisha na wenzake walikuwa wamerudi, yeye alibaki kwa sababu ya shamba lake. Kinubi hakukijua vizuri, kwa hiyo wanawake wale wawili walisema Kiswahili, kile chetu cha hapa, na kila neno lilinifikia.

"Mwaga maji, Keji."

"Wapi, mama?"

"Kichwa. Hapana, ngoja. Mkono kwanza. Mkono gani? Ya Rabi, mkono gani?"

Nikasema, "Tumbo kwanza." Niliiambia simsim, sikugeuza shingo. "Mumwinue kidogo, mminye tumbo polepole, kitambaa kiwe mkononi. Msimfunue."

"Nani iko hapo?" Keji akauliza.

"Hapana uliza," mama Zenabu akasema. "Shika mgongo."

Nikasikia maji, nikasikia mlango ukilia chini ya uzito. Keji akasema damu bado inatoka. Nikasema wazibe kwa pamba. Pamba hawana. Nikasema wachane kanga safi. Nikasikia kanga inachanika. Kisha nikawatajia mikono, mdomo, pua, uso, kila kimoja kwa mpango wake, na kila nilichosema Keji alikirudia kama mtoto wa shule, "Pua. Uso. Mkono ya kulia." Walipofika mara ya pili upande wa kushoto, Keji akapumua akasema, "Nyinyi iko na kazi mingi kwa mutu moja. Sisi tunaosha, tunaimba, imekwisha." Nikasikia mama Zenabu akitoa sauti fupi puani, kicheko au kilio, sijui. Keji akauliza sabuni iko wapi. "Iko pale kwa dirisha." Kisha mama akasema, "Ile ya yule mutu? Hapana. Rudisha. Leta majivu."

Mwana wa watu akaoshwa kwa majivu. Hatua kumi na tano kutoka nilipokaa palikuwa na sanduku lenye sabuni iliyotoka kwenye lori lile lile, tumeitunza tusiiguse, na tuliwaosha kwayo wanawake wa heshima.

"Maji ya mwisho inawekwa kitu?" Keji akauliza.

Inawekwa kafuri. Nilijua. Ilikuwa kwenye kopo, mle sandukuni. Ningeweza kusimama, kuingia, kuinama, na kutoka nayo. Shangazi angenipiga, na pigo si kitu. Nilichoogopa ni ule mkeka wa alasiri, wanawake wanne wakininyamazia nikipita na birika. Nikasema, "Hakuna kitu. Maji safi yanatosha." Imamu kijana ameniambia ni kweli, yanatosha, kafuri ni nyongeza. Lakini mimi siku ile sikujua hivyo. Mimi nilidhani nasema uongo juu ya maiti ya rafiki yangu, na nikausema.

Nilikuwa bado sijawaambia habari ya nywele na sanda shangazi alipotoka. Alisimama juu yangu. "Simsim imekwisha?"

"Bado."

"Ulikuwa unasema na nani?"

"Najisomea dua."

Akanitazama, kisha akavuta kigoda akakaa karibu yangu, akaanza kuchambua naye, taratibu. Ng'ambo mama Zenabu akauliza, "Sasa nywele?" Akauliza tena, sauti imeshuka, "Nywele tunafanya namna gani?" Ilikuwa misuko mitatu, ielekezwe nyuma. Nilichambua simsim. Mkono wa shangazi na mkono wangu ilikuwa inaingia kwenye ungo mmoja. Baadaye Keji akasema, "Wacha mimi nasuka namna ya kwetu," na wakaendelea bila mimi, na sanda wakaivika walivyojua wao.

Mjomba alikuja kutoka Koboko, akachimba mwenyewe pamoja na wanaume watatu, pembeni kabisa ya makaburi, mahali maji ya mvua yanapopita. Mzee aliyejaza mitungi ya msikiti ndiye aliyemsalia, kwa hiari yake, na kwa sababu hiyo alisemwa mtaani mwaka mzima. Dereva hakuonekana. Ijumaa iliyofuata alikuwa safu ya kwanza.

Shangazi naye alikufa mwaka wa sabini na tisa, njiani tulipovikimbia vita kwenda Zaire na mizigo vichwani. Maji ya kunywa hayakuwepo, sembuse ya kuosha. Nilipiga viganja chini, nikampaka vumbi usoni na mikononi kama dini inavyoruhusu penye shida, tukamfukia kwa jembe la kuazima. Wapo watakaosoma hapa waseme alilipwa. Mimi sisemi hivyo. Njia ile waliifia wema na wabaya, na wote walizikwa namna moja. Nasema tu kwamba nilimfanyia kila nilichoweza, na nilipokuwa namfanyia nilijua tofauti yake na niliyomfanyia Zenabu.

Lakini siku ninayotaka kuiandika ni ya tatu baada ya Zenabu kuzikwa, kwa sababu mpaka hapo naweza kujisifu kidogo. Naweza kusema nilisaidia, niliosha kwa mdomo, na wajukuu wangu wanisifu. Kwetu iko desturi: gauni zuri la mwisho la marehemu anapewa mwoshaji. Halinunuliwi na halikataliwi. Anayelipokea amekiri mbele ya watu kwamba ni mikono yake iliyomtayarisha yule mtu kwa Mungu wake, na siku ya hukumu atamshuhudia. Alasiri hiyo wanawake walikuwa kwenye mikeka yao kama kawaida, na mimi nimeketi mwisho wa mkeka, shangazi amenipa ruhusa kwa mara ya kwanza ya kukaa nao badala ya kuhudumu tu. Mama Zenabu akaingia. Safari hii kichwa kimefunikwa, miguu imeoshwa. Hakuwasalimia. Alipita katikati yao, akainama, akaniwekea magotini gauni la bluu lenye kola nyeupe, limekunjwa.

"Hii ni haki yako," akasema. "Wewe ndiye uliyenioshea mtoto. Nilikujua sauti."

Gurusa ilisimama mikononi mwao. Shangazi hakunitazama, alitazama kikombe chake. Yule mdogo aliyewahi kuuliza swali akasogeza magoti yake mbali na yangu, kidogo tu, upana wa kiganja. Hicho ndicho nilichokiona. Sikumwona yule mama, wala lile gauni. Niliona magoti yakisogea.

Nikasema, "Si mimi. Mimi sikuosha mtu."

Na haikuwa uongo, ndiyo ubaya wake. Mikono yangu ilikuwa mikavu siku ile nzima. Mama Zenabu alinisikia vizuri, akangoja kidogo, labda nimalize. Sikumaliza. Akainama akalichukua gauni, akalikunja upya ingawa lilikuwa limekunjwa, akatoka. Shangazi akasema, "Mmiminieni mtoto chai," na mmoja wao akanimiminia, mkubwa kunipita miaka thelathini, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima.

Gauni alipewa Keji. Lilikuwa fupi kidogo kwake na lilimbana mabegani, naye hakujali. Alilivaa kila Jumapili akienda kanisani kwao, na njia ya kanisani ilipita mbele ya mlango wetu. Miaka miwili, mpaka aliporudi Sudan, kila Jumapili asubuhi nilitafuta kazi ya kufanya nyuma ya nyumba.